Ushahidi, Ushuhuda na Ithibati: Lugha ya Tiba na Kikombe cha Loliondo

Utangulizi

Katika kata ya Kimandolu, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, mtu anayeumwa ana milango mingi ya kubisha hodi. Zipo zahanati na hospitali, yapo maduka ya dawa, wapo waganga wa tiba asili na wauzaji wa mizizi na magome wanaotembea mitaani, na zipo ibada za maombezi. Mara nyingi mgonjwa mmoja hupita katika milango hiyo yote, tena bila kuona kuwa anajipinga. Swali ambalo wanafalsafa wa tiba hulijadili katika vitabu, yaani ni kwa ushahidi gani dawa hukubaliwa kuwa dawa, kwake ni swali la kila siku, na hulijibu kwa lugha aliyonayo. Lugha hiyo, kwa wakazi wengi wa Kimandolu ambako Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare na wengineo huishi pamoja, ni Kiswahili.

Mhadhara huu unajadili uhusiano kati ya lugha hiyo na mijadala mitatu ya tiba ya kisasa: mjadala wa ushahidi, mjadala wa maadili na mjadala wa sera. Mfano mkuu ni tukio lililoutikisa mkoa wa Arusha mwaka 2011, lijulikanalo kama kikombe cha Babu wa Loliondo. Mwezi Machi wa mwaka huo barabara kuu itokayo Moshi kuingia Arusha ilibeba msururu wa magari yaliyojaa wagonjwa kutoka pande zote za Tanzania, huku mengine yakitoka Kenya na nchi jirani. Tukio hilo limeelezwa mara nyingi kama hadithi ya imani na umaskini. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba lilikuwa pia tukio la kilugha. Maneno kama dawa, kupona, ushahidi na salama yalitumiwa na pande zote, lakini kila upande ukiyapa maana yake, na tofauti hiyo ya maana iliwagharimu baadhi ya watu afya zao.

1. Maneno ya tiba katika Kiswahili

Msamiati wa tiba katika Kiswahili umetokana na vyanzo vitatu. Chanzo cha kwanza ni mzizi wa Kibantu unaozaa maneno mganga, uganga na kuganga, ambao unapatikana pia katika lugha nyingi za jamii hiyo. Chanzo cha pili ni Kiarabu, kilicholeta dawa, tiba, tabibu, afya na maradhi. Chanzo cha tatu ni lugha za Ulaya, zilizoleta daktari, hospitali, kliniki, dozi na kipimo cha kila aina kinachotajwa kwa jina la mashine yake. Vyanzo hivyo havikufutana. Mganga na daktari huishi katika sentensi moja, hata ikaitwa hospitali ya serikali kuwa chini ya mganga mkuu wa mkoa, ambaye ni daktari aliyehitimu chuo kikuu.

Neno dawa lina uwanja mpana mno. Kuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi na dawa ya biashara. Kinachounganisha matumizi hayo ni dhana ya kitu chenye nguvu ya kubadili hali, iwe hali ya mwili, ya kiatu au ya bahati ya mtu. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kuwa kitu fulani ni dawa, lugha haimlazimu kuuliza kinabadili nini hasa, kwa njia gani na kwa kiasi gani. Mtaalamu wa famasia hulazimika kuuliza maswali hayo matatu kabla ya kulitumia neno lenyewe.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu. Kutibu ni kufanya kazi ya tiba, na mtu aweza kutibiwa asipone. Kuponya ni kumfikisha mgonjwa mwisho wa ugonjwa. Kupona chenyewe kina maana mbili, kwani abiria aliyenusurika husemwa amepona ajali, ingawa hakuwa mgonjwa. Chini ya hapo kuna kupata nafuu na kupata ahueni, ambazo ni hatua za njiani. Mzungumzaji mzoefu huzitofautisha bila taabu, lakini katika mazungumzo ya haraka, na hasa katika vichwa vya habari vya magazeti, hatua zote hizo humezwa na neno moja: amepona.

Mfano wenye uzito zaidi unahusu Virusi vya Ukimwi. Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za virusi hivyo bila malipo mwaka 2004. Katika lugha ya umma dawa hizo ziliitwa dawa za kupunguza makali, na baadaye dawa za kufubaza virusi. Tafsiri hiyo ni ya kweli na ni nzuri. Inamwonyesha mgonjwa adui aliyeshika kisu, na dawa inayokifanya kisu hicho kiwe butu. Lakini ukweli wake una upande wa pili, kwa kuwa panapotajwa kupunguza, msikilizaji huelewa kuwa kuondoa hakupo. Jina la dawa lilikuwa pia tangazo la upungufu wake. Miaka saba baadaye ilipotokea sauti iliyosema kuponya, sauti hiyo ilikuta nafasi iliyokwisha kuachwa wazi na lugha.

2. Samunge, mwaka 2011

Kijiji cha Samunge kimo katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, mwendo wa mamia ya kilometa kutoka mjini, na sehemu kubwa ya njia wakati huo ilikuwa ya vumbi na mawe. Wenyeji wake ni Wasonjo, wanaojiita Watemi, jamii ya Kibantu iliyozungukwa na Wamaasai. Hapo aliishi Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mtu wa umri wa zaidi ya miaka 70. Alieleza kwamba alioteshwa na Mungu dawa itokanayo na mti uitwao mugariga, ambayo huchemshwa na kunywewa kikombe kimoja tu, kwa bei ya shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa yale ambayo hospitali huyaita sugu: kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, kifafa na Ukimwi.

Habari zilienea kwa simu za mkononi, magazeti na ibada. Wizara ya Afya ilijaribu mwanzoni mwa Machi 2011 kusimamisha huduma hiyo hadi dawa ichunguzwe, lakini baada ya malalamiko ya wananchi huduma iliendelea, na kazi ya serikali ikawa kupanga foleni, usalama na usafiri. Baadhi ya mawaziri na wabunge walikwenda kunywa kikombe, na magazeti yalichapisha picha zao. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati, yenye makao yake Arusha, aliiunga mkono huduma hiyo hadharani, ilhali wahubiri wa makanisa mengine waliipinga. Mwishoni mwa Machi, vyombo vya habari viliripoti kuwa watu wapatao 24,000 walikuwa wakisubiri, na kwamba watu wapatao 52 walikuwa wamefia njiani au katika foleni. Mchungaji Mwasapila mwenyewe aliomba watu wasije hadi baada ya tarehe 1 Aprili ili msongamano upungue.

Katika miezi iliyofuata vikombe vingine vilizuka katika mikoa kadhaa, ikiwemo Mbeya na Tabora. Kisha mkondo ukapungua kama ulivyojaa. Mchungaji Mwasapila alifariki dunia Julai 2021, akiwa bado anaitwa na nchi nzima kwa jina la heshima la Babu. Jina hilo si pambo. Katika desturi za Waswahili na za jamii nyingi za Tanzania, babu hamdanganyi mjukuu, wala mjukuu hamtaki babu alete vyeti. Mtu aliyemwita Babu alikuwa amekwisha kuingia katika uhusiano ambao ndani yake kudai uthibitisho ni utovu wa adabu.

3. Ushahidi wa aina gani?

Kiswahili kina maneno mawili ya karibu sana, ushahidi na ushuhuda, yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo na kuona. Ushahidi umezoeleka mahakamani, ushuhuda umezoeleka kanisani. Yote mawili yanahitaji shahidi, yaani mtu aliyekuwapo. Uzito wa neno lake hutokana na uaminifu wake, na njia ya kulipinga ni kumwonyesha kuwa mwongo au kuwa hakuwapo. Wataalamu wa tiba walipotafuta neno la kutaja msingi wa maamuzi yao, walichukua hilo hilo la ushahidi, na hivyo ikapatikana istilahi tiba inayozingatia ushahidi. Lakini ushahidi wanaoutaja hauna shahidi kwa maana ya awali. Unatokana na hesabu ya watu wengi, ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kusimama na kueleza kilichompata na sababu yake.

Kutoka hapo ndipo pande mbili za mwaka 2011 zilipoachana. Aliyerudi Samunge akasema kwamba hasikii tena maumivu alikuwa shahidi mwaminifu. Daktari aliyesema kuwa hakuna ushahidi alisikika kana kwamba anamwita shahidi huyo mwongo. Kwa kweli daktari hakuhitaji kumshuku mtu yeyote. Mgonjwa aweza kusema kweli tupu kuhusu hali yake na bado akakosea kuhusu sababu yake.

Sababu za kukosea huko zinafahamika. Kwanza, magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu husafiri kutafuta tiba siku ambazo amezidiwa. Siku zinazofuata, kwa kawaida, huwa nafuu kuliko hizo, awe amekunywa kitu au hakunywa. Pili, shinikizo la damu hubadilika kati ya kipimo na kipimo, na sukari hubadilika kwa chakula. Aliyekaa siku kadhaa katika foleni akila kidogo aweza kukuta kipimo kimeshuka kwa njaa. Tatu, Virusi vya Ukimwi huweza kukaa mwilini miaka mingi mtu akiwa na afya njema machoni pa watu. Nne, na hili ndilo zito zaidi, waliofariki hawatoi ushuhuda. Mkutano wa mashahidi hukusanya waliobaki tu, na idadi yao, hata iwe kubwa vipi, haielezi chochote juu ya wale wasiokuwapo.

Jaribio lenye kundi linganishi lilibuniwa ili kujibu udhaifu huo. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa nasibu, kundi moja likapata dawa na jingine likapata mapumziko ya kitandani tu kama ilivyokuwa desturi. Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika historia hiyo. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa pamoja wa mabaraza ya utafiti ya Afrika Mashariki na Uingereza, uliofanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, yakionyesha kuwa mchanganyiko wa dawa wenye rifampisini waweza kutibu kifua kikuu kwa miezi 6 badala ya miezi 18. Tiba fupi inayotumika duniani leo ina jasho la wagonjwa wa ukanda huu. Kwa hiyo dai kwamba ushahidi wa namna hiyo ni jambo la kigeni haliafikiani na historia.

Vipi kuhusu mti wenyewe? Wataalamu huuita Carissa edulis. Wamaasai huuita olamuriaki, na pwani hujulikana kama mtandamboo. Jina la kitaalamu lina faida moja isiyo na mbadala, nayo ni kuhakikisha kwamba aliyechunguza Nairobi na aliyechemsha Samunge wanazungumzia mmea mmoja. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo yakionyesha kuwa utomvu wa mizizi ya mti huo ulizuia virusi vya herpesi katika maabara na kwa panya. Miaka miwili kabla, watafiti wa Ethiopia walionyesha kuwa uliongeza mkojo wa panya, jambo linaloweza kuhusiana na shinikizo la damu. Matokeo hayo si ya kudharauliwa. Lakini kati ya panya na binadamu, na kati ya herpesi na Ukimwi, kuna safari ndefu kuliko ile ya Arusha kwenda Samunge.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na ugumu wa kimantiki. Mchungaji Mwasapila alisema kuwa nguvu haimo katika mti peke yake, bali katika neno la Mungu, na kwamba dawa hiyo hufanya kazi ikitolewa na mkono wake, mahali pale. Dai la namna hiyo haliwezi kupimwa kwa kuchunguza mmea. Maabara iliyopima mugariga ilipima kitu ambacho mwenye dai hakukidai. Njia pekee ya kulipima dai lake ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa wenyewe, kuwapima kabla na baada, na kuwalinganisha na wagonjwa wa aina hiyo hiyo ambao hawakwenda.

Mfano wa kinyume unafaa kutajwa. Mmea wa artemisia umetumika katika tiba ya Wachina kwa karne nyingi. Mwaka 1972 timu ya mwanasayansi Tu Youyou ilifaulu kupata kiini chake kwa kutumia joto dogo, baada ya njia ya kuchemsha kushindwa, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Tanzania iliingiza dawa itokanayo na kiini hicho katika mwongozo wake wa malaria mwaka 2006, na mmea wenyewe ukalimwa kaskazini mwa nchi, Arusha ikiwemo. Wananchi huiita dawa mseto. Mti wa asili na dawa ya hospitali, basi, si maadui. Artemisia ilipita katika mlango wa majaribio, na mugariga haukupita.

4. Maadili: ridhaa, bahati nasibu na haki

Kwa kuwa mgonjwa ana akili timamu, nani ana haki ya kumzuia asiende Samunge? Hoja hii ilitolewa kwa nguvu mwaka 2011, nayo ina uzito. Shilingi 500 ilikuwa bei ambayo karibu kila mtu aliimudu, na aliyeitoza hakutajirika kwa anasa. Hospitali haikuwa na jibu la kuponya kwa magonjwa yaliyotajwa. Methali husema mfa maji haachi kutapatapa, na si uungwana kumcheka anayetapatapa.

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linakubali kwamba pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, tabibu aweza kutumia ile isiyothibitishwa. Lakini linaweka masharti. Mgonjwa aelezwe na aridhie, wataalamu waulizwe, na matokeo yachunguzwe na kutangazwa. Neno ridhaa lenyewe lina maana ya kukubali kwa moyo mkunjufu, na mkunjuo huo hauwezi kuwapo bila maelezo. Mgonjwa wa kisukari aliyekwenda Samunge akijua kuwa dawa haijathibitishwa, na akaendelea na matibabu yake, alitumia uhuru wake. Aliyekwenda akiwa ameambiwa na gazeti, kiongozi na jirani kwamba watu wamepona, akaacha dawa zake, alitumia uhuru wa nani?

Swali hilo si la kubuni. Mwaka 2014 lilichapishwa jarida la kitaaluma lenye utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania, ulioonyesha kuwa watu wenye Virusi vya Ukimwi waliokwenda kwa mganga wa Loliondo walipungukiwa na uthabiti wa kutumia dawa zao. Dawa hizo zikiachwa, virusi huongezeka upya, na zikitumiwa kwa kukatakata, virusi hujifunza kuzishinda. Waswahili wana methali iliyofaa kubandikwa katika kila kliniki mwaka ule: usiache mbachao kwa msala upitao. Waliofikwa na madhara walikuwa na tiba inayofanya kazi, ambayo jina lake liliwaambia kuwa inapunguza tu.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba matatizo ya ridhaa yako upande wa waganga pekee. Katika majaribio ya kitaalamu mgonjwa huelezwa kuwa atapangwa katika kundi kwa bahati nasibu. Katika lugha ya kila siku bahati nasibu ni mchezo wa kununua tiketi ili kushinda fedha. Mama anayeambiwa kuwa mwanawe ataingizwa katika bahati nasibu ana haki ya kushtuka, na anayekubali huku akidhani kuna zawadi hajaridhia. Neno majaribio nalo liko jirani na majaribu, na kufanyiwa jaribio husikika kama kutendewa jambo na mwenye nguvu. Kamati za maadili hudai fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Lakini fomu ya Kiswahili chenye maneno sahihi yasiyoeleweka hutimiza sheria bila kutimiza maadili.

Mjadala wa mwaka 1997 ulidhihirisha kuwa hata wanasayansi hawakubaliani. Wakati huo majaribio ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto yalikuwa yakifanyika katika nchi maskini, likiwemo la Petra lililohusisha Dar es Salaam, Kampala na miji ya Afrika Kusini. Baadhi ya akina mama walipewa kidonge kisicho na dawa, ilhali katika nchi tajiri dawa yenye kufaa ilikwisha kujulikana. Wapinzani walisema kwamba watoto wa Afrika walikuwa wanaachwa waambukizwe kwa ajili ya takwimu. Watetezi walijibu kuwa dozi ndefu ya nchi tajiri haikuweza kupatikana Afrika, na kwamba bila kulinganisha isingejulikana kama dozi fupi ina faida. Kila upande ulitaja ushahidi na kila upande ulitaja maadili. Ushahidi bora, basi, haufuti swali la nani hubeba mzigo wa kuutafuta.

5. Sera: neno salama na mipaka yake

Tanzania haikukosa sheria mwaka 2011. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ilikuwapo tangu mwaka 1979, Muhimbili ilikuwa na taasisi ya tiba asili, na Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo mwaka 2019 iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ilikuwa na maabara. Kilichopungua ni namna ya kusema na umma.

Wataalamu wa serikali waliichunguza dawa ya Samunge na kueleza kuwa ni salama kwa matumizi ya binadamu. Katika istilahi zao kauli hiyo ilikuwa na mpaka mwembamba: kwa kiasi kinachonywewa, haikuonekana kuwa na sumu. Haikusema inatibu. Lakini msikilizaji wa Kimandolu alisikia serikali ikisema salama, kisha akaona picha ya waziri ameshika kikombe. Salama, katika Kiswahili, ni neno la amani na kheri, ndilo jibu la salamu. Halibebi onyo ndani yake. Kama kauli ingetolewa kwa sentensi mbili, kwamba haijaonekana kudhuru na haijaonekana kutibu, na kama sentensi ya tatu ingesema asiache mtu dawa zake, huenda waliokwenda wangebaki wengi vile vile, ila walioacha dawa wangekuwa wachache.

Somo hilo lilirudi miaka tisa baadaye. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, neno la zamani la nyungu, lenye maana ya chungu, lilipata uhai mpya kama jina la tiba ya kujifukiza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ilitoa mchanganyiko wa mimea ulioitwa NIMRCAF, na serikali iliagiza kinywaji kutoka Madagaska. Kuanzia Mei 2020 takwimu za maambukizi ziliacha kutangazwa. Baada ya kifo cha Rais John Magufuli Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 chanjo ikazinduliwa. Tofauti na Loliondo ni kubwa. Mwaka 2011 serikali ilifuata umati, lakini mwaka 2020 serikali yenyewe ndiyo iliyoongoza. Kinachofanana ni kwamba katika vipindi vyote viwili kujifukiza na kunywa kulipewa nafasi ya umma kabla ya kupimwa kwa watu, na kwamba hesabu, ambayo peke yake ingeweza kuamua ugomvi, haikuwekwa mezani. Sera isiyokusanya hesabu huacha ushuhuda utawale, uwe wa wafuasi au wa wapinzani.

Hitimisho

Kikombe cha Samunge hakikuenea kwa sababu Watanzania hawafikiri. Kilienea kwa sababu waliokifuata walikuwa na mashahidi wengi waaminifu, uhusiano wa heshima na mtoaji, bei nafuu, na neno kuponya ambalo hospitali haikuthubutu kulitamka. Dhidi ya hayo wataalamu walileta maneno ushahidi na salama bila kueleza kuwa wanayatumia kwa maana nyingine.

Kazi inayobaki kwa wanataaluma wa Kiswahili ni ya vitendo. Ushuhuda na ushahidi yanaweza kutenganishwa na ithibati, neno linalotokana na kuthibiti, yaani kuwa imara, na ambalo halihitaji shahidi mmoja anayesimama. Kugawa kwa nasibu kunaweza kuelezwa kwa mfano wa kupiga kura ya vijiti, ambako kila mtu ana nafasi sawa na hakuna anayenunua tiketi. Dawa za kufubaza virusi zinaweza kuelezwa kwa kile zinachompa mgonjwa, yaani miaka ya kuishi na kulea watoto, pamoja na kile zisichoweza kumpa. Istilahi za namna hiyo hazitoshi kubuniwa katika ofisi na kuchapishwa katika kamusi. Hupimwa kama dawa zinavyopimwa, kwa kuuliza watu waliozisikia wameelewa nini.

Katika Kimandolu milango ya tiba itaendelea kuwa mingi, na si kazi ya lugha kuifunga. Kazi yake ni kumwezesha anayebisha hodi ajue, kabla hajaingia, kama anayoahidiwa ni nafuu, tiba au kupona, na aliyeahidi ameijua ahadi hiyo kwa njia gani.